Mchanga wa Ziwa Viktoria: Ada Hulipia Kilichochukuliwa, Dhamana Hulinda Kinachobaki

Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, katika ripoti yake ya mwaka 2022, lilikadiria kwamba wanadamu hutumia tani bilioni 50 za mchanga na kokoto kila mwaka. Kiu hiyo ya ujenzi imefika pia katika Ziwa Viktoria. Huko Lwera, nchini Uganda, mashine za kufyonza zimechimbua maeneo oevu ya kandokando ya ziwa. Na katika Kaunti ya Homa Bay, nchini Kenya, uchotaji wa mchanga umezua malalamiko ya wavuvi. Tunaona inafaa kuuliza swali ambalo mara nyingi huachwa kwa wanasheria: anayechota mchanga wa ziwa anapaswa kulipa nini, na kuweka rehani gani?

Sakafu ya ziwa si ghala tupu. Sato dume, ambaye ndugu zetu Waluo humwita ngege, huchimba kiota chake katika maji ya kina kifupi, naye jike hutaga humo kabla ya kuyabeba mayai kinywani. Mashine inapopita hapo, viota hutoweka. Tope linalotifuliwa hufifisha mwanga majini, na shimo linaloachwa karibu na nchi kavu huweza kuuvuta ufuko taratibu, hata shamba la mtu asiyeuza mchanga likamegwa na mawimbi.

Ndiyo maana tunatofautisha mambo mawili ambayo huchanganywa kwa urahisi. Ada, au mrabaha, ni bei ya mali ya umma iliyochukuliwa, ikilipwa, imekwisha. Dhamana ni fedha inayowekwa kabla ya kazi kuanza, ili mchimbaji asipotimiza wajibu wake, gharama ya kurekebisha itoke humo. Ada kubwa haiwezi kuziba pengo la dhamana, kwa kuwa ada huingia katika matumizi ya serikali, na shimo hubaki kwa wanakijiji. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Katika biashara hii mchumaji huenda zake na meli yake, na wa kwao ndio wanaobaki kula.

Sheria ya Kenya ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 haikosi msingi. Kifungu cha 42 kinakataza kuchimba au kuvuruga ziwa bila idhini. Kifungu cha 28 kinamruhusu waziri wa fedha kuagiza wenye shughuli zenye madhara waweke amana ya dhamana, ambayo Mamlaka ya Mazingira yaweza kuitaifisha mwenye shughuli akivunja masharti, baada ya kumpa nafasi ya kujieleza. Hata hivyo, tunaona udhaifu mara mbili. Kwanza, sheria inaruhusu tu, hailazimishi. Pili, dhamana hurudishwa ndani ya muda usiozidi miezi 24, ilhali ufuko waweza kuanza kumeguka baada ya muda huo kupita.

Kuna mahali pengine pa kujifunza. Katika jimbo la Wisconsin, nchini Marekani, sakafu za maziwa ya asili humilikiwa na serikali ya jimbo kwa niaba ya wananchi wote. Anayetaka kutoa mchanga humo hufunga mkataba, hulipa fidia, na mkataba huo huambatana na dhamana. Lakini halmashauri inayotumia mchanga huo kwa kazi ya umma, pasipo kuuuza, husamehewa malipo. Hivyo sheria hutazama nani anachota, na kwa faida ya nani.

Busara hiyo inafaa kwetu. Kijana mwenye mtumbwi na koleo asitozwe sawa na meli yenye pampu. Kiwango cha dhamana kipimwe kwa gharama ya kurekebisha sakafu na ufuko, si kwa bei ya mchanga sokoni. La sivyo, mchimbaji ataona nafuu kuiacha ipotee. Kina cha maji kipimwe kabla na baada ya kazi, wavuvi wakishuhudia. Na kama Sheria ya Madini ya Kenya ya mwaka 2016 inavyotenga asilimia 10 ya mrabaha kwa jamii husika, watu wa ufukoni wasisahauliwe.

Tunajua hoja ya upande wa pili: dhamana kubwa hupandisha bei ya mchanga, na maskini naye anahitaji nyumba. Ni hoja ya haki. Lakini mchanga usiobeba gharama zake hauwi rahisi. Sehemu ya bei huhamishiwa kwa mvuvi anayerudi na nyavu tupu. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika Waraka wake “Laudato si’” wa mwaka 2015, alirejea fundisho la Papa Benedikto XVI kwamba gharama za kutumia mali ya wote zibebwe na wanaozisababisha, wala zisitupiwe watu wengine au vizazi vijavyo.

Kwa hiyo, wapendwa waamini, tangazo la tathmini ya athari kwa mazingira likitolewa katika maeneo yenu, msiache kufika na kuuliza: Dhamana ni kiasi gani? Inashikwa na nani? Nani atathibitisha, kabla haijarudishwa, kwamba ziwa limepona?