UWAKILI NI WA WATOTO WA VIGOGO TU?

Kijana mwenzangu wa Shinyanga na Geita, piga hesabu. Umepata shahada ya sheria kwa fedha za Bodi ya Mikopo. Unadhani umeshakuwa wakili? Thubutu! Sharti upite Shule ya Sheria, iliyofunguliwa Dar es Salaam mwaka 2008. Ada, chumba, nauli: mzee wako mchimbaji auze duara lipi?

Oktoba 2022 yalitoka matokeo ya watahiniwa 633. Waliofaulu moja kwa moja ni 26 tu! Wengine 342 waliambiwa warudie, 265 wakatupwa nje. Deni la shahada halikutupwa nje. Ukiajiriwa, Bodi inakata asilimia 15 ya mshahara. Kabla ya 2016 ilikuwa 8.

Nani anaumia? Agosti 1996 wachimbaji wadogo walitimuliwa Bulyanhulu kumpisha mwekezaji wa Kanada. Wanasheria wa LEAT waliokuja kupigania haki yao walitoka Dar es Salaam. Wa kwetu walikuwa wapi?

Tunadai mrabaha wa dhahabu usomeshe mawakili kutoka huku inakochimbwa. Mbunge wako akija kuomba kura, muulize hilo kwanza. Akijiumauma, mnyime!