Wamaza: pikipiki ya deni inangoja mvua

Siku ya posho, mwendesha pikipiki wa Wamaza hapumziki: gunia la mchele, bidoni za mawese, mgonjwa wa kufikisha hospitali, mama mkwe wa kurudisha kijijini. Siku ya yenga, kisha ibada, anasimama mbele ya pikipiki mpya, nyekundu, plastiki ingali kwenye kiti. Kweli inavutia. Mwenyewe anaitoa kwa deni, malipo kila wiki, na ile kuukuu iuzwe kwa malipo ya kwanza.

Afadhali atafute cheni na matairi ya kuukuu. Mvua ikinyesha, njia ya Kasongo na ya Kabambare ni matope, abiria wanabaki nyumbani. Deni haliwezi kungoja njia ikauke. Mwenye mali atachukua pikipiki yake, na kuukuu imekwisha kwenda.