Mbwa Mkali au Mbwa Mwenye Hofu?

Katika mitaa mingi ya miji yetu, geti la chuma huwa na maandishi mekundu: "Mbwa mkali". Maneno hayo mawili huandikwa ili kumwonya mwizi. Mimi ni daktari bingwa wa watoto, na katika miaka yangu ya kazi wanaoletwa kwangu na majeraha ya meno ya mbwa ni watoto wa nyumba hiyo hiyo, au wa jirani, ambao hawajajua kusoma au wanaamini kwamba mbwa anawafahamu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban asilimia 40 ya watu wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa cha mbwa ni watoto wenye umri wa chini ya miaka 15.

Hoja yangu katika makala haya ni moja. Sehemu kubwa ya kile tunachokiita ukali wa mbwa ni hofu, na kumtuliza mbwa mwenye hofu ni kazi ya kinga ya afya inayotuhusu sisi watumishi wa afya na kila mwenye mbwa nyumbani.

Kisa cha mnyororo mmoja

Usiku mmoja aliletwa kwangu mtoto wa kiume aliyeraruliwa kuanzia shavuni hadi mdomoni. Bibi yake alikuwa amembeba, na kanga yake ilikuwa imelowa damu. Tuliosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, tukadunga kingamwili dhidi ya kichaa cha mbwa ndani na pembezoni mwa jeraha, tukaanza chanjo, na baadaye mwenzangu wa upasuaji akalishona.

Nilipomwuliza bibi ilikuwaje, alijibu, "Daktari, mbwa yule ni mkali tu. Ndiyo kazi yake." Mjomba wa mtoto, mwenye mbwa, ndiye aliyenieleza mengine. Mbwa alikuwa akifungwa mnyororo mfupi mchana kutwa, kando ya njia ya kuelekea jikoni. Kila mtu wa nyumba ile alipita mbele yake. Juma lililotangulia alikuwa amemngurumia mtoto huyo huyo, akachapwa fimbo hadi akanyamaza. Jioni ya tukio mtoto alifuata mpira wake karibu na banda. Mbwa hakunguruma. Aling'ata.

Niliuliza kuhusu chanjo. Mjomba aliinamisha kichwa. Siku ya kampeni walijaribu kumtoa bandani, wakashindwa kumshika, wakamwacha.

Tuliwaomba wamfunge na kumchunguza kwa siku kumi, na mbwa akamaliza siku hizo akiwa mzima. Siku ya kumi na moja aliuawa. Mtoto alipokuja kwa dozi ya mwisho ya chanjo, bibi aliniambia kwamba mtoto mwingine wa mbwa alikuwa amekwisha kufungwa kwenye mnyororo ule ule. Kauli hiyo ndiyo iliyonisukuma kuandika. Tulikuwa tumetibu jeraha na kuacha chanzo chake pale pale, kando ya njia ya jikoni.

Hofu hufanya kazi namna gani

Ubongo wa mbwa una sehemu za kutambua hatari zinazofanana sana na zetu. Anapohisi hatari, mwili wake humwaga adrenalini na kotisoli, moyo huenda mbio na misuli hukaza. Mbele yake zipo njia tatu: kukimbia, kuganda, au kupigana. Mnyororo humnyima njia ya kwanza. Anapoganda na mtu bado akamsogelea, hubaki na ile ya tatu.

Kabla ya kufika hapo, mbwa huzungumza kwa mwili wake. Lugha yetu inajua hilo, ndiyo maana mtu aliyeogopa twasema amefyata mkia. Zipo dalili nyingine ambazo wengi hatuzioni: kulaza masikio nyuma, kuramba midomo ilhali hakuna chakula, kupiga miayo ilhali hana usingizi, kugeuza uso pembeni huku weupe wa jicho ukionekana, kuhema pasipo joto, kutetemeka, au kusimama tuli ghafla. Kunguruma ni onyo la mwisho, na ni onyo la thamani. Anayemchapa mbwa kwa kunguruma hamwondolei hofu. Humfundisha kuficha onyo, kama mtu anayeng'oa king'ora cha moto kwa sababu kinapiga kelele.

Naomba nitahadharishe jambo moja mapema. Mbwa aliyebadilika tabia kwa ghafla, anayetokwa mate mengi, anayeyumba, ambaye taya lake limelegea, au anayeng'ata chochote bila kuchokozwa, si wa kutulizwa. Watu wakae mbali naye na afisa mifugo aitwe mara moja. Vilevile kila aliyeng'atwa na mbwa aoshe jeraha na kufika kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama mbwa anafahamika na jeraha ni dogo. Dalili za kichaa cha mbwa zikishajitokeza kwa binadamu, takriban kila mgonjwa hufariki. Lakini chanjo ikitolewa mapema na kwa utaratibu, ugonjwa huzuilika.

Yale ninayoshauri

Baada ya kisa kile nilimtazama upya mbwa wangu mwenyewe. Nilirithi nyumba na mlinzi wake wa miguu minne, Popi, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumgusa bila yeye kutoa meno. Nakiri kwamba kwa muda mrefu nilijivunia jambo hilo. Nikisaidiwa na daktari wa mifugo, nilifanya yafuatayo, na ndiyo ninayoyashauri kwa wengine.

Kwanza, fimbo iwekwe chini. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha Porto nchini Ureno waliwafuatilia mbwa 92 wa majumbani. Waliofundishwa zaidi kwa adhabu walionesha dalili nyingi zaidi za msongo, na kotisoli katika mate yao ilipanda zaidi baada ya mafunzo, kuliko wale waliofundishwa kwa zawadi. Fimbo huongeza kile kile tunachotaka kukipunguza.

Pili, mbwa apate mahali pake. Banda liwe na kivuli na maji, liwe mbali na njia ya watu, na watoto wafundishwe kwamba hapo hawafiki, hasa anapokula, anapolala au anapokuwa na watoto wake. Palipo na uzio imara, afunguliwe badala ya kukaa kwenye mnyororo. Chakula kije kwa saa zile zile, kutoka kwa mtu yule yule. Kwa mwenye hofu, siku inayotabirika ni nusu ya tiba.

Tatu, na hapa ndipo penye kazi, hofu ibadilishwe kidogo kidogo kwa umbali na chakula. Popi aliogopa wageni. Tulimwomba kijana wa jirani asimame mbali kabisa, mahali ambapo Popi alimwona lakini bado aliweza kula. Kijana alipotokea, nilimrushia Popi dagaa. Alipoondoka, dagaa walikoma. Zoezi lilichukua dakika chache tu, kisha tukaacha. Siku kadhaa baadaye kijana alisogea hatua moja. Kipimo ni chakula chenyewe: mbwa akikataa kula, tumesogea mno, turudi nyuma. Wanaotibu hofu za binadamu watautambua utaratibu huu, kwani ndivyo wanavyomsaidia mtu anayeogopa lifti au sindano. Kumlazimisha mbwa akutane ghafla na kile anachokiogopa "ili azoee" huzidisha hofu, na huweza kumgharimu mtu vidole.

Nne, mwacheni aje mwenyewe. Kaa chini ukiwa umempa ubavu, usimkazie macho, usimwinamie, wala usimpitishie mkono juu ya kichwa. Akija na kunusa, mguse kifuani au ubavuni kwa sekunde chache, kisha acha uone kama anataka zaidi. Kwa njia hiyo hiyo Popi alizoea kushikwa shingo, kuvalishwa kamba na kuinuliwa mguu. Ilichukua takriban miezi minne. Septemba iliyofuata alitembea kwa kamba hadi kwenye kituo cha chanjo na kuchomwa sindano akiwa anakula. Kwangu mimi, hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote.

Tano, kelele. Mkesha wa mwaka mpya fataki huwatia mbwa hofu kubwa, na wengine huruka ukuta na kupotea. Mwingize ndani kabla ya giza, funga madirisha, washa redio, na mtu akae naye. Wapo wanaosema kumfariji mbwa ni kumdekeza. Hofu si kosa la kuadhibiwa, na utulivu wa mtu anayemwamini humpunguzia.

Mwisho, aonwe na daktari wa mifugo. Sikio lenye usaha, jino bovu au kiungo kinachouma huweza kumfanya mbwa mpole aogope kuguswa. Zipo dawa za kupunguza hofu, nazo ni juu ya mtaalamu huyo kuzitoa. Asipewe dawa za binadamu. Hata ya maumivu iliyozoeleka kama ibuprofeni yaweza kumuua.

Kwa wanaolea watoto wa mbwa, kazi ni nyepesi zaidi. Kati ya wiki ya tatu na ya kumi na nne hivi ya umri wake, mbwa hujifunza nani na nini si hatari. Akikutana kwa upole na watu wazima, watoto, pikipiki na kushikwashikwa katika kipindi hicho, hukua na hofu chache. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi.

Hoja za wanaopinga

Wengi huniambia, "Daktari, nikimtuliza, nani atanilindia nyumba?" Ninawaelewa. Lakini mlinzi tunayemhitaji ni yule anayebweka panapostahili. Mbwa aliyetulia bado hubweka mgeni anapogusa geti usiku. Mbwa mwenye hofu hubwekea kila kitu, upepo na paka, hadi wenye nyumba wanaacha kuamka. Na anapong'ata, hamchagui mwizi.

Wengine, hasa katika jamii zetu za Kiislamu, huona uzito wa kugusana na mbwa na mate yake. Hakuna katika ushauri huu kinacholazimisha mbwa aingie chumbani au amrambe mtu. Kivuli, maji, chakula kinachorushwa kwa mbali na kuacha kupiga havidai kugusana. Pale panapohitajika kumshika, kama siku ya chanjo, afisa mifugo au mtu aliyezoea aweza kusaidia. Kisa cha mtu aliyemnywesha maji mbwa mwenye kiu kinajulikana kwa wengi, nacho kinafundisha huruma ile ile.

Wapo pia wenzangu wa taaluma wanaosema kwamba hospitali ina kazi ya kutosha bila kuongeza mbwa. Nawajibu kwa hesabu ya chanjo. Ili kukata maambukizi ya kichaa cha mbwa, inashauriwa angalau asilimia 70 ya mbwa wachanjwe. Uzoefu wa vijiji vilivyo karibu na Hifadhi ya Serengeti umeonesha kwamba mbwa wakichanjwa kwa wingi, ugonjwa hupungua kwa mbwa, na watu wanaokuja kutafuta matibabu ya kung'atwa hupungua pia. Lakini mbwa asiyeshikika hachanjwi. Kila Popi anayeachwa bandani siku ya kampeni ni pengo katika ukuta unaowalinda wagonjwa wetu.

Wito kwa watumishi wa afya

Tunapochukua maelezo ya mtu aliyeng'atwa, huwa tunauliza mbwa ni wa nani na kama amechanjwa. Napendekeza tuongeze maswali matatu: Alikuwa amefungwa? Nini kilitokea muda mfupi kabla? Aliwahi kunguruma, na mlifanya nini? Majibu yake huchukua dakika mbili, nayo hutuambia kama mtoto mwingine atafuata. Kisha tumweleze mwenye mbwa mambo manne: aache kumchapa, ahamishe banda, azuie watoto kulifikia, na amtafute afisa mifugo. Jina la afisa mifugo wa kata na namba yake ya simu vibandikwe ukutani katika chumba cha majeraha. Tukizungumza juu ya Afya Moja katika semina, ukuta ule ndio mahali pa kuanzia.

Kwako wewe mgonjwa au mzazi unayesoma, nenda leo ukamtazame mbwa wako kwa mbali, bila kumwita. Tazama mkia, masikio na macho yake watu wanapompitia. Ukiona hofu, sogeza banda lake kabla ya jua kuchwa. Yule bibi aliporudi kliniki na mjukuu wake kuonesha kovu, nilimweleza hayo kuhusu yule mtoto wa mbwa aliyefungwa pale pale. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Basi tutaanza na mnyororo." Sikuwa na la kuongeza.