Wingu la kompyuta: Libcloud yarahisisha kuhama, mzigo wabaki

Tarehe 20 Oktoba 2025, hitilafu katika vituo vya Amazon huko Virginia, Marekani, ilizima kwa saa nyingi huduma kadhaa za intaneti duniani. Swali la zamani likarudi: kwa nini watu wategemee tajiri mmoja?

Wingu, licha ya jina lake, ni majengo yaliyojaa kompyuta za kukodi. Amazon, Google na Microsoft kila moja ina amri zake, na programu iliyoandikwa kwa ajili ya moja haisikilizani na nyingine. Libcloud, maktaba ya bure ya lugha ya Python iliyoanzishwa mwaka 2009 na ambayo sasa iko chini ya Apache, inatafuta kuondoa kizuizi hicho. Ndani yake, kila seva ni kitu chenye sifa na vitendo vyake: inaundwa, inawashwa upya na kufutwa kwa maneno yaleyale, popote ilipo. Kazi ya kutafsiri hufanywa na draiva, na kila kampuni ina yake.

Lakini maneno ya pamoja yanahusu tu yale ambayo kampuni zote zinayo. Huduma maalum, zile hasa zinazomfunga mteja, huingia kama nyongeza za draiva moja. Anayezitumia amerudi palepale.

Halafu kuna data. Mwaka 2024 kampuni hizo tatu zilitangaza kwamba hazitamtoza anayehamisha data ili kuondoka kabisa. Anayetaka kuishi pande mbili, ili hitilafu isimkute mikono mitupu, kwa kawaida bado analipia kila gigabaiti inayotoka.