Zamu ya Kalamu

Mara kwa mara huwasikia washairi wenzangu, hasa vijana, wakilalamika kwamba hawatungi kwa sababu hawana utulivu. Mmoja ana watoto wadogo, mwingine jirani yake hupiga muziki usiku kucha, wa tatu hawezi kuandika mstari mmoja kabla hajajua kodi ya nyumba itatoka wapi. Siwacheki. Miaka yote niliyofundisha Kiswahili sekondari nilijiahidi kwamba nikistaafu nitarudi kihambani kwetu hapa Kilema, niweke meza karibu na dirisha linalotazama migomba, niandike tangu asubuhi hadi jioni. Huu ni mwaka wa tano tangu nistaafu. Meza ipo na dirisha lipo, ila utulivu sijauona. Hata hivyo nimefikia maoni ambayo naomba kuyaweka mbele yenu myapime: mtunzi hahitaji ukimya kwa kiasi tunachodhani. Anahitaji zamu, na anahitaji watu wa nyumbani mwake waiheshimu zamu hiyo.

Nyumbani tupo watano: mama yangu mzazi mwenye miaka 88, mume wangu, wajukuu wawili wa shule ya msingi, na mimi. Ng'ombe ni wawili, wa kufungia ndani, kwa hiyo majani lazima yakatwe na kuletwa kila siku. Msimu wa kahawa ukifika, buni iliyochumwa leo humenywa leo; haingoji ubeti ukamilike. Jirani hupiga hodi akiomba nimsomee barua ya benki, kwa kuwa hapa kijijini Mwalimu hastaafu. Ukitangazwa msiba, wanawake tunakwenda kupika na wanaume kuchimba kaburi. Yapo pia yale ya nje ya ua yanayoingia bila hodi: bei ya kahawa, mvua za masika zisizojua tena mwezi wao, dawa za mama, kijana wetu aliye mjini na shahada yake bila kazi. Hayo hayakatizi mkono tu, hukatiza fikra, hata nyumba ikiwa kimya.

Nawasimulia kisa kimoja, kwa kuwa ndicho kilichonibadilisha.

Kwa miaka miwili sasa ninatunga utenzi wa maisha ya mama yangu. Alizaliwa wakati kahawa ndiyo kwanza inawapa watu wa mlimani ada za shule na mabati ya nyumba; alibeba ndizi kichwani hadi sokoni; alizika watoto wawili. Hakuna aliyeyaandika hayo, na kumbukumbu yake inafifia. Siku moja nilikuwa mezani, ubeti umekaribia kufunga, yeye akaja akasimama mlangoni, ameshika fimbo yake, uso umemchangamka. Akaniambia kwa Kichaga, "Mwanangu, nimekumbuka jambo la baba yako na mfereji." Nikamjibu, bila kuinua uso, "Ngojea kidogo, Mama, nimalize." Nikamaliza. Haikupita hata robo saa. Nilipomfuata jikoni nimwulize, alinitazama kwa mshangao. Hakujua ninazungumzia nini. Nimemwuliza mara nyingi tangu siku ile. Jambo la baba na mfereji halijarudi. Ubeti niliokuwa nikiumaliza bado umo daftarini. Vina vimelingana, mizani imetimia, na hausemi lolote.

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza: nani alimkatiza mwenzake siku ile?

Mwandishi Mwingereza Virginia Woolf alisema mwaka 1929 kwamba mwanamke akitaka kuandika anahitaji pauni 500 kwa mwaka na chumba chake mwenyewe. Kuhusu fedha simpingi. Mwenye njaa hutunga njaa tu. Kuhusu chumba, nina la kusema. Mwana Kupona binti Msham alipotunga utendi wake mwaka 1858 alikuwa mgonjwa, na hakumtoa mtoto chumbani ili apate kuandika. Utendi unaanza kwa kumwita binti yake asogee na wino na karatasi. Yule ambaye sisi tungemwita usumbufu ndiye aliyekuwa sababu ya utungo.

Shaaban Robert naye hakuwa mtu wa faragha. Aliingia utumishi wa serikali mwaka 1926 akiwa karani wa forodha, akahamishwa kituo hadi kituo, akafiwa na mkewe Amina na kubaki na watoto wa kulea. Kazi zake tunazozisoma leo ziliandikwa katikati ya ajira, safari na matanga. Na kama kuna anayeamini kwamba upweke pekee hutosha kumzaa mshairi, akumbuke bei aliyolipa Abdilatif Abdalla. Alipata upweke tele katika gereza la Kamiti, alikofungwa tangu 1969 hadi 1972 kwa sababu ya maandishi yake ya kisiasa. Mashairi aliyoyatunga humo kwa siri ndiyo Sauti ya Dhiki, kitabu kilichotoka mwaka 1973. Ukimya wa namna hiyo hakuna anayeuomba.

Hapo ndipo ninapoiona upya faida ya arudhi. Tangu Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974 tumebishana kama vina na mizani ni pingu au ni pambo. Sina ugomvi na shairi huru, nimelifundisha na ninalipenda. Ila kwa mtu wa shughuli nyingi, naona arudhi si pingu wala pambo, ni kapu. Mstari wa mizani nane nauweka kichwani nikaenda nao kukata majani. Nikirudi bado upo, kwa sababu silabi zake zimehesabiwa na kina chake kimeufunga. Ukipungua mizani moja, masikio yenyewe yanalalamika.

Nitoe mfano wangu, si kwa kujisifu. Kisa kile cha mlangoni nimekitia utenzini kwa beti hizi mbili:

Alifika mlangoni,
ana neno mdomoni,
kalamu i mkononi,
nikamwambia, "Ngojea."

Nilipokwisha andika
upesi nikainuka,
neno lilishamtoka,
wala halikurejea.

Mezani niliandika mstari wa kwanza tu. Mitatu iliyofuata ilikuja njiani, nikiwa na mzigo wa majani kichwani. Mstari wa mwisho kabisa ulikuwa "halikumrudia". Hesabuni wenyewe: mizani saba. Nilitembea na upungufu huo siku mbili, nikapika nao, nikaenda nao msibani. Ulitimia nikiwa nazungusha mashine ya mkono ya kumenyea kahawa, mjukuu akimimina buni. Nikamwambia, "Shika mkono huu, Bibi anakwenda kuandika." Akacheka, akashika.

Lakini nisije nikaonekana nasifu usumbufu, maana si kila usumbufu una baraka. Upo ule wa mama aliyekumbuka jambo, na upo ule wa simu inayolia kwa porojo za watu mia mbili. Upo pia ule unaotokana na imani kwamba mwanamke aliyeshika kalamu hana kazi, hivyo anaweza kuitwa wakati wowote. Katika mikutano ya washairi nimewasikia malenga wanaume wakisimulia walivyotunga usiku kucha hadi alfajiri. Ningependa siku moja mmoja wao aeleze pia nani alichemsha chai ile alfajiri, na kama huyo naye hakuwa na shairi lake.

Ndiyo maana nasema zamu. Huku mlimani tangu kabla ya ukoloni tumekuwa na mifereji inayoteremsha maji ya mtoni hadi vihambani. Maji ni ya wote lakini hayamfikii kila mtu kwa saa moja. Kila nyumba ina zamu yake, na zamu ikiangukia usiku unaamka usiku. Ukilala, maji yanapita kwenda kwa wa chini yako, na huna wa kumlaumu. Lakini anayekuzibia maji katika zamu yako amekosa, na huitwa mbele ya wazee ajieleze. Hakuna anayedai mto mzima, na hakuna anayekubali kunyimwa saa yake.

Nikaitisha kikao cha nyumbani, nikaomba zamu. Nimepewa saa moja na nusu, kuanzia saa kumi na nusu alfajiri hadi saa kumi na mbili. Katika saa hizo mume wangu ndiye mwenye ng'ombe na chai, na wajukuu wakiamka humwendea yeye. Mwanzoni alinung'unika kidogo, kisha akazoea; sasa ndiye anayeniamsha. Nje ya hapo mimi ni wa watu wote, na mistari hukaa kapuni ikingoja kesho. Kwa zamu hiyo nimefikisha beti 212. Ni polepole, lakini miaka ile ya kungoja utulivu sikupata hata kumi.

Mama peke yake hana zamu. Akija mlangoni, iwe alfajiri iwe mchana, kalamu inalala chini. Mara nyingi anauliza tu kama kuku wamefungiwa. Namjibu kwamba wamefungiwa, namvutia kiti, nasubiri kidogo, huenda liko jingine.