Tusimsahau mnana wa Lufira

Makala yako ya ndege ni nzuri, ila umemruka mnana wa Lufira, ndege wa kwetu Haut-Katanga. Kwa miaka mingi wataalamu walimjua kwa ndege mmoja tu, aliyekusanywa 1960 katika Ziwa Tshangalele, upande wa Likasi. Wakaja kumwona tena 2009. Wavuvi wa pale, nadhani, hawakuwahi kumpoteza. Kwa hiyo tukitoka Lubumbashi kwenda kutazama ndege, tuanze kwa kuwauliza wao. Na ukiwatumia wenzako picha, andika tarehe, mahali na ndege alikuwa akifanya nini: dume mwenye uso mweusi, ananing'inia chini ya kiota, anapiga mabawa kumwita jike. "Nimeona ndege wa manjano" haimsaidii mtu. Minana wa manjano wako tele.