Miaka 75 ya karakana ya Tudor

Mwezi Mei mwaka 1951, wanafunzi wa kwanza waliingia katika chuo kipya kilichojengwa Tudor, kisiwani Mombasa. Walikuja kujifunza umeme, umekanika, useremala na ubaharia. Jina la chuo lilikuwa Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, lakini watu walikizoea kwa kifupi chake cha Kiingereza, MIOME. Sasa kimetimiza miaka 75, nacho ndicho Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, TUM. Tunakipa hongera kwa moyo wote, na kwa kuwa hongera ya kweli huja na nasaha, tutasema pia tunachokitaka kwacho.

Atakaye kuupima ukubwa wa jambo lililofanyika Tudor sharti aikumbuke Pwani ilivyokuwa. Reli ya Uganda ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, Waingereza waliwaleta vibarua na mafundi kutoka Bara Hindi, karibu watu 32,000 kwa jumla. Mji uliojua kuunda jahazi, kuchonga mlango na kujenga ghorofa kwa mawe ya matumbawe na chokaa ulijikuta pembeni ya ufundi mpya wa mvuke, chuma na umeme. Bandari ya Kilindini ikakua, karakana za reli zikakua, ofisi zikaongezeka. Vijana wa mitaa ya Kibokoni na Kuze waliyaona hayo yote kila siku, na wengi wao hawakuwa na mlango wa kuingilia.

Mtu aliyelisema hilo mapema na kwa ukali alikuwa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui. Katika magazeti yake mawili, Sahifa la mwaka 1930 na Al-Islah la mwaka 1932, aliwahimiza Waislamu wa Pwani waishike dini yao na waitafute elimu ya zama zao bila kuona kwamba moja inaitoa nyingine. Alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937, na alifariki mwaka 1947 kabla ya kuona tofali la kwanza la Tudor. Wazo la chuo lilikamilika baadaye kidogo, kwa mashauriano ya wakubwa wa wakati ule: Aga Khan, Sultani Khalifa bin Haroub wa Zanzibar, serikali ya Uingereza na gavana wake wa Kenya, Sir Philip Mitchell. Jamii ya Mabohora nayo ilitoa fungu lake. Sultani alikuwa na sababu yake ya kuchangia, maana ukanda wa Pwani wakati huo ulihesabiwa kuwa milki yake, na bendera yake nyekundu ilipepea juu ya Fort Jesus.

Jambo moja tulitaje bila kulipamba. Chuo kilianzishwa kwa ajili ya Waislamu wa Afrika Mashariki, katika nchi ambayo mkoloni alikuwa ameigawa elimu kwa rangi na kwa dini. Waasisi walifanya walichoweza ndani ya mipaka hiyo, na walifanya vyema. Uhuru ulipokuja, mipaka ikavunjwa. Mwaka 1966 chuo kikawa Taasisi ya Ufundi ya Mombasa na milango ikafunguliwa kwa kila Mkenya, na mwaka 1972 kikawa Politekniki ya Mombasa. Heshima ya waasisi haikupungua hata kidogo kwa mtoto wa Taita, wa Kisii au wa Machakos kukaa benchi moja na mtoto wa Mji wa Kale. Iliongezeka.

Mwana mmoja wa Sheikh Al-Amin alikuwa na kisa chake na chuo hiki, nacho kinastahili kusimuliwa kwa utaratibu. Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1933, alimaliza sekondari kwa daraja la tatu katika mtihani wa Cambridge. Makerere hawakumchukua. Akapata kazi MIOME, ya ukarani. Katika sherehe moja ya Maulidi alisimama akatoa hotuba juu ya Mtume, na miongoni mwa waliokuwapo alikuwa Gavana Mitchell. Hotuba ile ilimfungulia njia ya kwenda Uingereza kwa ufadhili. Alianzia Huddersfield, mji wa viwanda vya nguo, katika chuo cha ufundi cha watu wa kawaida, kuziba pengo la ule mtihani. Kutoka huko akaenda Manchester, Columbia na Oxford, kisha akarudi kufundisha katika Makerere ileile iliyomkataa, akiwa profesa. Mwaka 2003 aliteuliwa kuwa chansela wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, JKUAT. Naye alikuwa bado kwenye kiti hicho mwaka 2007, Politekniki ya Mombasa ilipofanywa chuo kikuu kishiriki cha JKUAT. Karani wa zamani wa MIOME akawa chansela wa chuo kilichopewa malezi ya MIOME. Alifariki Oktoba 2014 nchini Marekani, akarudishwa kuzikwa katika makaburi ya ukoo wake karibu na Fort Jesus.

Tumekitaja kisa hiki kwa sababu ya lile daraja la tatu. Kijana ambaye mfumo ulikuwa umekwisha kumwandika hafai alipata pa kusimama, karibu na kwao, mpaka nafasi ikamfikia. Hiyo ndiyo kazi ya chuo cha aina hii popote duniani. Wamarekani, ambao mwaka 1947 tume ya Rais Truman iliwashauri waeneze vyuo vya jamii karibu na makazi ya watu, walifikia fikra hiyohiyo karibu wakati mmoja na wazee wetu: kwamba nchi haijengwi na wachache waliofaulu vizuri peke yao, na kwamba mtu mzima mwenye kazi na familia anataka darasa analoweza kulifikia kwa miguu au kwa basi.

Wengi waliopita Tudor hawakuwa maprofesa, na majina yao hayamo vitabuni. Kazi yao imo mjini. Mwaka 2024 bandari ya Mombasa ilipitisha zaidi ya tani milioni 40 za shehena, zetu na za Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na Kongo. Tani hizo haziteremki kwa maneno ya mawaziri. Kreni ikigoma usiku, meli hukaa gatini, na kila saa ya kukaa ina bei yake, ambayo hatimaye huongezwa juu ya mfuko wa sukari Kampala. Anayepanda kreni ile na taa yake mkononi ni fundi umeme. Kontena la samaki likiacha kupoa, anayeitwa ni fundi majokofu. Shafti ya boti ikipinda, hupelekwa kwa mtu wa mashine ya kukereza huko Mbaraki au Shimanzi, ambaye hupima kwa sehemu za milimita. Hoteli za Nyali na Diani zina jenereta, pampu na lifti, na mgeni hajui jina la anayezifanya zifanye kazi. Uchumi wa mji huu umekaa juu ya mikono ya namna hiyo. Kuipata mikono hiyo hapahapa, bila kuiagiza kutoka mbali kama zama za reli, ndiyo faida kubwa ambayo chuo cha Tudor kimeiletea Pwani.

Hata hivyo ujuzi peke yake hauzai kazi, na Mombasa imelijua hilo kwa machungu. Treni mpya ya mizigo ilipoanza kufanya kazi na serikali ikaamuru makontena yapelekwe Nairobi moja kwa moja, madereva, mawakala wa forodha na mafundi wa magari walikosa kazi, na mwaka 2019 watu waliandamana barabarani. Amri hiyo iliondolewa Septemba 2022. Somo letu ni kwamba chuo na sera lazima vitembee pamoja. Serikali haiwezi kumwambia kijana asomee uchukuzi kwa miaka mitatu, kisha ikauhamisha uchukuzi kwa waraka wa siku moja.

Sasa tuje kwenye nasaha. Januari 2013 Rais Mwai Kibaki alikipa chuo hati yake, kikawa chuo kikuu kamili. Pwani ilifurahi, na ilikuwa na haki ya kufurahi, maana kwa miaka mingi watoto wake walilazimika kuhama ili kupata shahada. Lakini mwaka huohuo Kenya ilitunga sheria mpya ya kufufua elimu ya ufundi, kwa sababu nchi nzima ilikuwa imeanza kuona pengo: politekniki kongwe zimepanda daraja, na wahandisi wenye shahada wanatafuta fundi wa kutekeleza michoro yao hawampati. Politekniki ya Kitaifa ya Pwani ya Kenya, iliyopata hadhi hiyo mwaka 2016, imebeba sehemu ya mzigo huo huko Kisauni, na Chuo cha Bandari, kilichoanza mwaka 1980, sasa kimekuwa akademia ya mambo ya baharini. Hilo haliiondolei TUM wajibu wake. Bado inatoa vyeti na diploma, nasi tunasema kozi hizo zisichukuliwe kuwa ngazi ya chini ya jengo ambalo wakubwa wanakaa juu. Ndizo msingi wa chuo. Mwalimu wa karakana apewe heshima, mashine na mshahara sawa na uzito wa kazi yake. Baraza la chuo likikaa kugawa fedha, lianze na karakana.

Lipo pia jambo la Mji wa Kale, lililo jirani kabisa. Nyumba zake zinabomoka. Fort Jesus imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2011, na wageni wanaoizuru hupita vichochoro ambamo roshani za mbao zinaliwa na mchwa na kuta za matumbawe zimepigwa saruji, ambayo huzuia unyevu kutoka na kuziozesha kwa ndani. Wazee wanaojua kuchoma chokaa, kupanga boriti na kuchonga mlango wamebaki wachache, na vijana wamejaa barazani bila kazi, wengine wakivutwa na unga. Makumbusho ya Taifa ina ofisi ya uhifadhi papo hapo. Chuo chenye idara ya ujenzi kipo umbali wa safari fupi ya tuktuk. Tungependa kuona vikiunganishwa: wazee wawe wakufunzi na walipwe kama wakufunzi, nyumba zenyewe ziwe darasa, na kijana atoke na cheti kinachokubalika Lamu, Zanzibar na hata Muscat.

Ubaharia nao tusiusahau. Ulikuwamo katika masomo ya siku ya kwanza mwaka 1951, miaka 67 kabla ya Nairobi kuandaa mkutano mkubwa wa uchumi wa buluu Novemba 2018. Waasisi walitutangulia. Mtoto wa kisiwani anayetaka kuwa mhandisi wa meli apatiwe nafasi ya kwenda baharini, kwa kuwa bila miezi ya kazi melini cheti chake hakimpeleki popote, na kampuni za meli zinazochuma kutoka Kilindini zinaweza kubeba wanafunzi wetu.

Kwa waajiri wa Mombasa, kuanzia Halmashauri ya Bandari hadi gereji za Shimanzi: mnapompokea mwanafunzi kwa mafunzo kazini, mpeni spana, msimpe birika la chai, na mlipieni nauli yake. Kwa wahitimu wa MIOME, wa Politekniki na wa TUM mlioko Jeddah, Doha, London au hapa Ganjoni: jengeni mfuko wa karo kwa mwaka huu wa 75, kama wazee walivyochanga kabla yenu. Na kwako mzazi ambaye mtoto wako amemaliza kidato cha nne akapata C ya kutoa, ukaona aibu kumtaja kwa majirani: alama hiyo inatosha kuombea diploma. Mchukue umpeleke Tudor akaulize nafasi.